Mianzi Iliyochungulia Chumba cha Eda

Kuna siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo umenifanya niikumbuke kwa hasira. Nimepanda orofa tatu kuja kwako hapa Changamwe, na magoti yangu haya, nikakuta fimbo zako za kuvulia umezisimamisha ujiani hapo ngazini, ubavuni mwa mlango wa jirani, ndoana zinaning'inia usawa wa macho ya mtoto. Nikakuuliza ni za nani. Ukacheka ukasema, "Zangu, babu. Chumba kidogo, na jirani hana neno." Hana neno! Umemuuliza lini? Chai yako nimeikataa kwa sababu hiyo, usidhani ni kwa sababu ya sukari.

Keti nikwambie. Na hiyo simu igeuze kifudifudi.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, kuli wa bandarini, nimepanga chumba Likoni, upande wa Timbwani. Nyumba ilikuwa ya Bi Mwanahawa, mwanamke mtu mzima aliyezika waume wawili na hakuogopa mtu isipokuwa Mola wake. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, paa la makuti. Ninyi wa nyumba za zege hamjui, basi nikueleze: kuta za ndani za nyumba zile hazikufika juu. Ukuta ulipanda ukapita kimo cha mtu kidogo, ukaishia hapo, na juu yake uwazi mtupu mpaka kwenye makuti, ili upepo upite. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu alimwombea rehema. Nyumba kama ile huwezi kukaa bila adabu, maana ukuta wenyewe haukukamilika. Palipoishia udongo, adabu ya watu ndiyo iliyoziba.

Nilikuwa na mianzi miwili ya kuvulia. Nilikuwa nimeichagua mwenyewe, nikainyoosha kwa moto, nikaipaka mafuta ya papa mpaka ikang'aa. Kila mmoja ulikuwa na urefu wa futi kumi na nne, maana mwanzi mfupi pale kwenye miamba ya Likoni hukupa majani ya baharini tu. Na chumba changu kilikuwa futi kumi. Futi kumi hazimezi futi kumi na nne, hata uipange vipi. Kuisimamisha sikuweza, ingetoboa makuti. Kuiweka nje chini ya upenu sikutaka, kwa kuchelea jua, mchwa na wezi.

Aliyenipa njia ni jirani yangu Athumani. Tulifanya kazi pamoja na kuvua pamoja, na chumba chake kilipakana na changu. Alikuwa na mke, Rehema, na binti wa miaka minne, Tima. Athumani akaniambia, "Pitisha juu ya ukuta, Hamadi. Ncha zije kwangu. Mimi nawe tuna siri gani?"

Nikapitisha. Mashina ya mianzi yakawa kwangu, niyashike kwa urahisi nikitaka kutoka. Ncha zikawa kwao, pamoja na mishipi na ndoana zake, juu ya kamba wanayotundikia nguo. Mimi sikuwa nikizifunga ndoana, nakiri. Nilikuwa nikirudi nimechoka nasukuma tu. Athumani ndiye aliyekuwa akizichomeka kila jioni kwenye kipande cha kumvi la nazi, moja baada ya nyingine, na hakunilaumu hata siku moja. Mimi nikadhani zinajifunga zenyewe.

Kisha Athumani akashikwa na homa, na wiki haikuisha tukamzika.

Rehema akakaa eda katika chumba kile kile, miezi minne na siku kumi. Unajua eda, lakini ya siku hizi ni ya haraka haraka. Rehema alikaa eda hasa. Hakutoka nje ya ua, hakujipamba, hakusema na mwanamume asiye wake. Alivaa shuka nyeupe, na nyumba nzima hakuna mwanamke mwingine aliyevaa nguo ya namna ile. Hata kuianika hakuianika uani, kwa haya. Aliifua na kuitundika mle mle chumbani kwake, kwenye kamba, chini ya ncha za mianzi yangu.

Matanga yalipokwisha, Bi Mwanahawa aliniita ukumbini.

"Hamadi, ndoo hapa."

"Naam, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mianzi yako itoe chumba cha watu. Aliyekupa ruhusa yuko mtangani, kaburini. Chumba kile sasa kina eda, nawe huna mke. Haipendezi kitu chako kuchungulia mle."

"Inshallah, bibi."

Sikuitoa. Nilisema nitaitoa Ijumaa, Ijumaa ikapita. Nilikuwa sina pa kuiweka, na kutafuta pa kuiweka niliona uzito. Baada ya siku kadhaa akaniuliza tena, "Ushaitoa?" Nami nikajibu, bila hata kupepesa jicho, "Nishaitoa, bibi." Akaniamini. Hakuingia chumbani mwangu kukagua, maana hakuwa mtu wa kupekua wapangaji wake. Na Rehema, mwenye chumba, angemwambia nani? Aliiona mianzi ile kila siku ikimning'inia kichwani, akaona haya kutuma neno kwa mwanamume asiye wake kuhusu mianzi. Nami haya yake nikaifanya kuwa ni ridhaa, kama ulivyofanya wewe leo na jirani yako.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, nimetoka kazini mapema, na maji yalikuwa yanajaa vizuri. Nikaingia chumbani mbio mbio, nikashika shina la mwanzi wa kwanza, nikavuta. Ukaja mzito kidogo. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Juu ya ukuta ikatokea shuka nyeupe, imenaswa na ndoana, ikaanguka kitandani pangu.

Hapo, mwanangu, palikuwa na njia moja, na ilikuwa fupi. Ningetoka ukumbini nikaita, "Bi Mwanahawa, njoo, ndoana yangu imefanya uharibifu." Ningekemewa. Ningeitwa mwongo, na ningestahili. Shuka ingerudi kwa mwenyewe kabla hajatoka uani alikokuwa akimwogesha mtoto, na maneno yangeishia hapo. Lakini mimi nilifikiria kukemewa tu. Tena nilifikiria maji, yasije yakatoka. Nikaichomoa ndoana, kitambaa kikachanika, nikaiacha shuka pale pale kitandani nikasema nitajua la kufanya nikirudi. Nikachukua mianzi yangu nikaenda kuvua. Mlango wangu mchana haukuwa na kufuli, ulikuwa na pazia tu.

Nilipata samaki changu wanane siku ile. Nakumbuka idadi kwa sababu sikula hata mmoja.

Niliporudi jua lilikuwa linazama, na barazani nikakuta watu. Omari, kaka yake mkubwa Athumani, alikuwa amekuja kutoka huku huku Changamwe, kama alivyokuwa akija kila wiki kuwaletea mjane na mtoto unga na mafuta. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni. Majirani wawili watatu walikuwa wamesogea, unawajua majirani wa namna hiyo. Na mkononi mwa Omari ilikuwamo ile shuka.

Tima ndiye aliyeitoa. Mtoto alikuwa akicheza ukumbini, upepo ukapeperusha pazia langu, akaona nguo ya mama yake juu ya kitanda. Akaingia akaichukua, akamkimbilia ami yake barazani mbele ya watu wote, akasema kwa furaha, "Shuka ya mama ilikuwa kitandani kwa Ami Hamadi!"

Fikiri mwenyewe. Mwanamke mwenye eda, mume wake hajamaliza miezi miwili kaburini, nguo yake imetoka kitandani kwa mwanamume mseja wa chumba cha pili. Rehema kaulizwa, naye hakujua lolote, alijua tu kwamba nguo imepotea kambani. Anayejitetea kwa kusema hajui, watu humwona ameficha.

Omari hakupiga kelele. Aliniambia, "Hamadi, wewe ulikuwa rafiki ya ndugu yangu. Nakuuliza mara moja. Shuka hii imeingiaje kwako?"

Na mimi, mianzi miwili begani, ndoana zikining'inia mbele ya uso wake, nikamtazama Bi Mwanahawa. Nikakumbuka nilimwambia nishaitoa. Nikaona nikisema kweli nitaaibika mbele ya watu.

Nikasema, "Sijui."

Neno moja tu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kingepona siku ya tatu.

Omari akatikisa kichwa taratibu. Akamwambia Bi Mwanahawa, "Bibi, mtoto wa ndugu yangu hatalelewa hapa. Namchukua akakae kwa mke wangu. Huyu mama yake akimaliza eda yake, kama ni eda, tutaonana kwa kadhi." Akamwinua Tima begani. Mtoto alicheka kwanza, akidhani anapelekwa matembezi. Walipofika kwenye kona ya barabara ndipo akaanza kumwita mama yake, na mama yake hakuweza kutoka kumfuata, maana yuko edani. Alisimama nyuma ya mlango wa uani akiita jina la mtoto mpaka sauti ikakauka.

Nami nikaingia chumbani nikawasha jiko nipike samaki! Ndiyo, nilikuwa mtu wa namna hiyo. Nikapaa magamba, nikapaka chumvi, na juu ya ukuta ule usiofika paa nikamsikia Rehema analia. Hakulia kwa makelele. Alilia kama mtu anayejaribu asisikike, na kila pumzi yake iliniangukia kichwani. Sikuinuka. Watu wakisimulia makosa yao hupenda kusema, nikajuta nikaenda kukiri. Mimi sikukiri. Naona uchungu kukwambia, lakini ndiyo kweli yenyewe: kama si Bi Mwanahawa, ningenyamaza mpaka leo.

Alifungua pazia bila kubisha. Shuka alikuwa nayo. Akainyoosha mbele ya taa ya kibatari, akaweka kidole kwenye tundu, akainusa.

"Yanuka ngisi," akasema.

 Ngisi ndicho chambo nilichokuwa nikitumia. Akainua macho juu ya ukuta, akaona udongo ulivyolika pale mianzi ilipokuwa ikipita, mifereji miwili imeng'aa kwa mafuta ya papa. Kisha akaitazama mianzi yenyewe, ambayo nilikuwa nimeirudisha pale pale. Siku ile ile, mwanangu! Nilikuwa nimeirudisha pale pale, kwa mazoea.

Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga.

"Ulinambia ushaitoa," akasema. "Haya, uliniongopea mimi, nami ni mtu mzima, n'takusamehe. Ndoana ikanasa nguo, haya, ndoana haina akili. Lakini ulipoulizwa barazani jibu ulikuwa nalo begani! Umemuuza mwana wa watu na mtoto wake kwa kuona haya ya vijiti viwili. Weye ni mwanamume wa nini? Athumani alikuwa akikufungia ndoana zako kila siku, wajua hilo? Mimi nilimuona. Yeye alikuwa akiwaweka mke na mtoto wake salama kwa mkono wake, nawe ulikuwa walala."

Sikuwa najua. Wallahi sikuwa nimewahi kujiuliza ni nani anayezifunga.

Akanirushia sindano na shuka. "Shona."

"Sina uzi, bibi."

"Una mshipi."

Nikaishona kwa mshipi wangu mwembamba wa kuvulia, mweusi, mishono ya kuli. Alikaa akanitazama mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia asubuhi tutakwenda Changamwe, yeye atapanda basi, nami nitakwenda na mwanzi, na kwa kuwa mwanzi hauingii basini basi miguu ninayo.

Nikaamkia feri na futi kumi na nne begani. Nikavuka, nikakata mji mzima, nikapita Makupa, nikapanda kilima cha Changamwe kati ya malori ya mafuta. Kila mtu alikuwa na neno. "Bwana, bahari umeiacha nyuma!" "Wenda kuvua treni?" Madereva walinipigia honi kwa kuwa kila nikigeuka mwanzi uliziba barabara. Nilikuwa nimekwepa aibu ya watu watano barazani, nikaipata ya Mombasa nzima. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha wangu mpaka nikatembezwa nao mchana kweupe.

Kwa Omari, kwenye nyumba za wafanyakazi, Bi Mwanahawa alikuwa ameshafika. Hakunipa hata maji. Akaitundika shuka kwenye kamba ya uani, akanisimamisha mbali nayo, ncha ya mwanzi juu ya nguo. "Vuta ulivyovuta jana." Nikavuta. Ndoana ikanasa mara ya kwanza, shuka ikanifuata mpaka miguuni. Wanawake waliokuwa wakifua wakaacha kufua.

Omari akaiokota. Akaona mshono mweusi, akaona ndoana. Akaniuliza, "Jana ulinijibu nini?"

"Nilisema sijui."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akauchukua mwanzi mikononi mwangu, akauweka kwenye goti auvunje. Bi Mwanahawa akamshika mkono. "Usiuvunje, Omari. Mwanzi haukusema uongo. Mwache aurudishe alikoutoa, kwa miguu."

Tima akarudi Likoni mchana ule kwa basi, amelala mapajani mwa Bi Mwanahawa. Nilifika baada yao, jioni. Mianzi yangu nikailaza barazani, na siku ya pili nikapigilia vigingi vitatu kwenye ukuta wa ukumbini, upande wangu, kwa ruhusa ya Bi Mwanahawa na ya kila mpangaji, mmoja mmoja. Pa kuiweka palikuwapo muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuinua nyundo.

Rehema alimaliza eda yake ndani ya shuka yenye mshono mweusi. Siku alipotoka, alikuwa anahamia Kisauni kwa mama yake, kwa kuwa maneno ya barazani yalikuwa yamekwisha kuzunguka Timbwani. Waliosikia uongo hawakuwapo uani Changamwe kusikia kweli. Alipita ukumbini, mtoto mkononi, furushi la nguo kichwani. Akasimama mbele ya pazia langu. Hakulifunua.

"Hamadi," akasema, "la ndoana nimekusamehe. La 'sijui' bado."

Akaenda zake. Nilimtumia salamu mara nyingi, kwa watu wa Kisauni, nikiomba radhi. Salamu zilifika, jibu halikuja. Uhuru ulikuja, akaolewa, akapata watoto wengine, akafa mzee mwenye heshima zake. Nilikwenda mazikoni nikasimama safu ya nyuma. Tima, mtu mzima, alipokea pole yangu na hakunijua mimi ni nani. Mwenye kovu usidhani kapoa, mwanangu, na aliyelitia kovu naye vile vile.

Basi hasira yangu ya ngazini si ya fimbo. Sikiliza, na usiseme nimekuficha. Fimbo ndefu katika nyumba ndogo ilaze, usiisimamishe. Ilaze kwenye ukuta wako, juu kupita vichwa vya watu, ishikwe mahali patatu isije ikapinda katikati. Ioshe chumvi kwa maji baridi na uikaushe kivulini kabla hujailaza. Ndoana itoe, au uichomeke kwenye kipande cha kumvi, uifunge mwenyewe kwa mkono wako, usimwachie mtu mwema akufanyie bila kumwona. Na kama chumba hakitoshi, kata fimbo au uza fimbo. Usiazime nafasi ya jirani kwa kimya chake. Ruhusa uliyopewa na mtu ni yake. Akifa, akihama, akinuna, kaombe upya. Na chako kikimdhuru mtu, toka nje uite kabla hujavaa viatu. Kweli ya mapema hukukemea. Ya kuchelewa utaibeba begani mpaka Changamwe.

Mola akupe nyumba yenye nafasi, na kama hakukupa nyumba yenye nafasi akupe kifua chenye nafasi. Akupe majirani wanaokuambia neno usoni, na ulimi usiopungukiwa na jibu pale jibu linapohitajika. Akuepushe na msamaha wa nusu, maana mimi nimeishi nao miaka yote hii na haushibishi.

Umesema amina? Vizuri. Sasa inuka, nenda ukazitoe ngazini. Usiniambie inshallah. Nyundo nimeiona chini ya kitanda chako.